Bomba jekundu la ngazini: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Panda ngazi za jengo refu pale Upper Hill au Kilimani, Nairobi, utaliona: bomba jekundu la maji ya kuzimia moto limesimama ukutani toka chini hadi juu, na kila ghorofa limetoa mdomo wenye gurudumu la kufungulia. Wapangaji wengi hulipita tu. Wanaolizungumzia nao, mara nyingi wanayosema si kweli.

"Ni letu wapangaji. Moto ukiwaka tunafungua wenyewe."

Hapana. Mdomo ule ni wa milimita 65 na umewekewa wazimamoto. Kiwango cha Marekani cha mabomba haya, NFPA 14, kinataka hata ule wa juu kabisa utoe maji kwa presha isiyopungua baa 6.9. Mpira mpana ukijaa maji ya presha hiyo humyumbisha mtu mzima, ndiyo maana hushikwa na kikosi kilichofunzwa. Chako wewe ni mpira mwembamba uliozungushiwa kwenye gurudumu lake na mtungi wa kuzimia moto, tena kwa moto mdogo tu, na mlango wa kutokea ukiwa nyuma yako.

"Wangeliweka kwenye korido, karibu na milango ya nyumba."

Hili nimelisikia hata kwa watu wa ujenzi, na linavutia mpaka ufikirie moshi. Moto umeshika ghorofa ya tisa, korido imejaa moshi hadi sakafuni. Mdomo wa maji uliomo humo utafikiwa kwa kupapasa, na anayeutafuta hana hata tone la maji mkononi.

Ngazi ya dharura imezungushiwa kuta na milango inayostahimili moto. Wazimamoto hupanda nayo wakiwa na mipira begani, husimama ghorofa ya nane, huunganisha pale, huutandaza mpira kwenye ngazi ili usijikunje, huujaza maji na kuhakikisha yanatoka. Hapo ndipo mlango wa tisa hufunguliwa. Wakipotezana ndani, wanaushika mpira na kuufuata kinyumenyume hadi ngazini, penye hewa. Kama umeunganishwa kwenye korido, utawarudisha kwenye korido ileile.

Kasoro ipo, tusijidanganye. Mpira ukipita mlangoni, mlango haufungi, na moshi huingia ngazini walipo watu wanaoteremka kutoka juu. Penye ngazi mbili, moja huachiwa wazimamoto na nyingine wanaokimbia. Kwa kuwa hakuna ajuaye moto utaanzia upande gani, kanuni za Marekani hutaka mdomo wa maji katika kila ngazi ya dharura inayohitajika kisheria, wala si moja tu.

Hata huko Marekani wamebishana kuhusu mahali pake hasa. Kanuni ya kimataifa ya majengo, IBC, toleo la 2015, iliuweka mdomo kwenye ile sakafu ndogo ya kati, ngazi inapokata kona. Toleo la 2018 liliuhamishia kwenye sakafu ya ghorofa yenyewe, mlangoni. Kwa ngazi zetu zilivyo nyembamba, naona hili la pili lina nafuu: kwenye kona watu huwa wanageuka na kubanana tayari.

"Ngazi ya dharura haitakiwi kuwa na kitu, kwa hiyo bomba limevunja sheria."

Kinachokatazwa ni kitu kisicho na kazi ya uokoaji pale. Bomba la zimamoto limeruhusiwa waziwazi, mradi lisipunguze upana wa njia na tundu lilipopenyea ukuta lizibwe kwa kitu kisichopitisha moto. Anayeuliza swali hili mara nyingi ameegesha baiskeli na mtungi wa gesi kwenye ngazi hiyohiyo.

"Nilifungua, hakuna maji. Mwenye nyumba ametuibia."

Huenda bomba ni kavu kwa makusudi. Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wengi wa Nairobi wamevizoea, jengo la kati ya mita 18 na 50 linaweza kuwa na bomba kavu: gari la zimamoto hufika, huunganisha mpira kwenye kisanduku kilicho nje chini, na kusukuma maji juu. Kupita mita 50, bomba hukaa na maji na pampu zake muda wote.

Na ukifungua kujaribu, funga. Gurudumu likiachwa wazi ghorofa ya tatu, au valvu ya shaba ikiwa imeshang'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maji ya kwenda ghorofa ya tisa yatamwagika hapo ya tatu. Na kile kisanduku cha chini kinatakiwa kiwe mahali gari la zimamoto linapoweza kusimama ndani ya mita 18, kwa hiyo hata Probox iliyoegeshwa mbele yake inatosha kulifanya bomba zima lisifae kitu.