Je, Wajua kwa Nini Mtu wa Kisumu Husikia Maneno ya Kwao Mezani kwa Wahispania?

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu hapa Kisumu, ambaye ameanza kujifunza Kihispania kwa simu yake, aliniuliza juzi kama ni kweli kwamba lugha hiyo huwa nyepesi kwa mtu anayejua Kiswahili. Swali lake lilinirudisha Granada, mji wa kusini mwa Uhispania, ambako nilisoma Kihispania kwa miezi minne huku nikiishi na familia ya wenyeji. Nilimjibu kwamba lugha nyepesi haipo, lakini Kiswahili humtayarishia mtu sikio, na kwamba jambo hilo nililigundua nikiwa mezani na familia ile, wala si darasani.

Jioni ya kwanza tulikula saa nne kasorobo, saa ambayo kwetu vyombo huwa vimeshaoshwa zamani. Mama wa nyumba aliweka mbele yangu kibakuli cha matunda madogo ya kijani yaliyolowekwa katika maji ya chumvi, akasema polepole: aceitunas. Kisha akaleta wali wa manjano, na aliponiona nikiuangalia sana, akanionyesha kikebe chenye nyuzi nyekundu, akasema: azafrán. Chai ilipoletwa, akanisogezea azúcar. Hakuna aliyekuwa amenifundisha neno lolote kati ya hayo matatu, na bado yote nilitoka nayo nyumbani, kwa kuwa ni zeituni, zafarani na sukari.

Sababu ni Kiarabu. Majeshi ya Waislamu yalivuka kutoka Afrika ya Kaskazini na kuingia Uhispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho huko, ambayo ilikuwa Granada yenyewe, haikuanguka hadi Januari 1492. Katika karne hizo karibu nane Kiarabu kilikuwa lugha ya elimu, ya utawala na ya soko, wakati huku kwetu biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa ikiyaleta maneno yale yale katika miji ya Waswahili. Tofauti ni kwamba Wahispania waliyameza mara nyingi pamoja na kile kiambishi cha Kiarabu, al-, ambacho mbele ya herufi kadhaa hupoteza sauti ya l: as-sukkar ikawa azúcar, az-zaytuna ikawa aceituna. Sisi tuliyachukua bila kiambishi hicho. Ukishalijua hilo, unaweza kulivua neno la Kihispania koti lake na kumkuta ndugu yako ndani. Alcalde, yaani meya wa mji, ni yule yule kadhi wetu, na aduana, ambayo ni idara ya forodha, imetoka katika neno lililotupa sisi diwani.

Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil, kama mimi, hafikirii kwamba neno sukari limewahi kusafiri. Limetoka India, likapitia Uajemi hadi kwa Waarabu, na Waarabu hao ndio waliopeleka kilimo cha miwa katika pwani ya Granada, ambako kiwanda cha mwisho, kilichokuwa Salobreña, kilifungwa mwaka 2006.

Neno lililonigusa kuliko yote, hata hivyo, halikuwa la chakula. Wahispania huagana kwa kusema hasta mañana, na nilikariri kwamba hasta ni “hadi”. Siku moja baba wa nyumba, akizungumzia mchezo fulani wa mpira, akasema kwamba hasta los niños walijua matokeo, nami nikashtuka kwa furaha, kwa kuwa hapo alimaanisha “hata watoto”. Neno hilo la Kiarabu, hatta, limebeba maana zote mbili kwao, na limezibeba kwetu pia, kwani Kiswahili cha zamani husema “hata asubuhi” kwa maana ya hadi asubuhi, na mpaka leo tukichoka na dhiki tunauliza “hata lini?” Wao huuliza ¿hasta cuándo?

Kuna mlango wa pili, mwembamba zaidi, nao ni Wareno, waliojenga Fort Jesus huko Mombasa kuanzia mwaka 1593 na kufukuzwa humo mwaka 1698. Kireno na Kihispania ni watoto wa Kilatini, na ndiyo maana meza, bendera, mvinyo na padri havimchanganyi Mhispania hata kidogo.

Sauti nazo zilinisaidia. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu sawa na zetu, na mkazo wa maneno yake mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu. Wanafunzi wenzangu kutoka Marekani walikuwa wakihangaika na neno fupi kama no, ambalo midomoni mwao lilijikunja na kuwa “nou”, ilhali kwangu lilitoka safi. Herufi ñ ni ny yetu, na d iliyo katikati ya neno nada husikika kama dh ya dhahabu. Kilichonisumbua ni kwamba watu wa Granada humeza s ya mwisho wa silabi, hivi kwamba ¿cómo estás? hufika sikioni kama “komo ehtá”. Mwalimu darasani hakuimeza, na kwa wiki tatu nilimwelewa yeye kuliko watu wa nyumbani.

Sasa nije kwenye sarufi, maana hapo ndipo meza ilipolishinda darasa kabisa. Tulikuwa tumefundishwa ubaoni ile hali ya kitenzi inayotumika kueleza matakwa, kwa majedwali marefu ambayo sikuyaelewa. Mchana mmoja, saa tisa, mama wa nyumba alichota kijiko cha kamande kutoka sufuriani, akakikinga kwa kiganja, akaniambia: prueba, yaani onja. Nilisita kwa sababu ya moto. Akasema tena: quiero que pruebes. Nataka uonje. A ya prueba ilikuwa imegeuka e, kama vile a ya onja inavyogeuka e katika uonje, na jedwali lote likafunguka kinywani mwangu pamoja na kamande. Hapa hakuna undugu wowote wa lugha, ni sadfa tupu, na tena vitenzi vya Kihispania vya kundi jingine hufanya kinyume, come ikawa coma. Lakini sadfa hiyo ilinifaa kila siku, kwa kuwa mlo wa pale hauishi chakula kinapoisha: watu hubaki wakizungumza, pengine saa nzima, na kikao hicho kina jina lake, sobremesa, ambamo meza yetu imo.

Nilimwonya mwanafunzi wangu, hata hivyo, kwamba undugu wa maneno unaweza kumpoteza. Wiki ya mwisho mama wa nyumba aliniuliza ni tunda gani la kwetu ninalolitamani, nikamjibu pera, nikiukumbuka mpera ulio nyuma ya nyumba yetu. Kesho yake akarudi kutoka sokoni na kilo nzima ya mapeasi, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya pera kwao, na ndiyo maana yake pia kwa Wareno waliotuachia jina hilo. Tulikaa mezani muda mrefu. Nilichora tunda la mviringo juu ya karatasi ya kupangusia mikono, nikalikata kwa mstari, nikatia vidoto vya mbegu, nikamwambia kwamba ndani ni la waridi na kwamba harufu yake hujaza chumba. Akaliangalia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: guayaba.