Tarakimu si namba: dhana potofu kuhusu aina za data za JavaScript

Kila kundi la wanafunzi huniletea msimbo uleule: fomu yenye visanduku viwili, mtumiaji anaandika 5 na 3, jibu linatoka 53. Kisha naambiwa JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, haijui kujumlisha. Inajua, ila hujaipa namba.

Wengi huamini kwamba kilichoandikwa kwa tarakimu ni namba. Si kweli. Unachosoma kwa .value kutoka kwenye kisanduku cha fomu ni stringi, yaani mfuatano wa herufi, hata kama umeweka type="number". Sifa hiyo huchuja kinachoandikwa tu, haibadilishi aina ya unachopokea. Alama ya + ikikuta stringi upande mmoja, huunganisha, ndiyo maana "5" + 3 ni "53". Alama ya kutoa haiunganishi chochote, hugeuza stringi kuwa namba kwanza, kwa hiyo "5" - 3 ni 2, na hapo ndipo watu hupotea: wanajaribu kutoa, jibu linakuja sawa, wanaondoka wakiamini wana namba. Baadaye "10" < "9" inaleta true, kwa kuwa stringi hulinganishwa herufi kwa herufi, na 1 hutangulia 9.

Geuza data iwe namba mlangoni, mara tu inapoingia, usingoje ifike kwenye hesabu. Jihadhari na Number(""), yaani kugeuza stringi tupu, maana huleta 0, na kisanduku kitupu kinapita kama jibu halali. Kwenye kisanduku cha type="number" mimi hushauri valueAsNumber; kikiwa kitupu unapata NaN ("si namba"), na kosa linaonekana.

Kinyume chake pia ni kosa. Namba ya simu si namba, kwani hakuna anayeijumlisha. Ukiigeuza, sifuri ya mwanzo imekwenda. Vitambulisho virefu ndiyo hatari zaidi: kupita 9007199254740991 usahihi hauna uhakika, na 9007199254740993 huhifadhiwa kama 9007199254740992 bila onyo lolote. Viache viwe stringi.

Je, 0.1 + 0.2 kuleta 0.30000000000000004 ni kosa la JavaScript? Hapana. Python na Java huleta hivyohivyo, kwa sababu zote hutumia IEEE 754, kiwango cha kuhifadhi namba za desimali. Fedha zihesabu kwa senti kamili.

Wengine husema, "JavaScript haina aina za data." Zipo nane. Aina hukaa kwenye thamani, si kwenye kigeu.

Na typeof, inayotaja aina ya thamani, kusema null (thamani ya "hakuna kitu") ni "object" ni kosa la tangu 1995, lililoachwa ili tovuti za zamani zisivunjike. Null si objekti; ikague kwa === null.