Chupa nne za dripu si mlo

"Leo kashiba, zimeingia chupa nne."

Bi mkubwa aliyesema hivyo alikuwa amevuka kutoka Mkoani, Pemba, na boti kumfuata mwanawe. Chupa tupu alizipanga chini ya kitanda na kuzihesabu kama pishi za mchele. Mwanawe alikuwa na siku ya sita tangu afunguliwe tumbo. Utumbo umeziba, mpira wa puani unatoa maji ya kijani, na tangu apasuliwe hajatia kitu mdomoni. Nilimjibu kwa ukali, nikamwomba radhi baadaye. Lakini kazi yangu ni lishe ya wagonjwa wa upasuaji hapa Unguja, na neno hilo nimelisikia mpaka masikio yameota sugu.

"Dripu ni chakula"

Si chakula. Ile ya chumvi tupu haina hata kalori moja. Ile ya sukari ya asilimia 5, chupa ya nusu lita, ina gramu 25 za glukosi. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita na kopo la sukari la wauguzi, nikamtilia bi mkubwa mbele ya macho yake vijiko sita vya chai, vya kupangusa juu. Nikatikisa, nikampa aonje.

"Mbona chai ya kwetu tamu zaidi?"

Ndiyo hivyo, mama. Chupa nne ni gramu 100, kama kalori 340. Mwanawe ana kilo 60, na mtu wa uzito huo aliyetoka kupasuliwa anahitaji kalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, na protini gramu 70 hadi 90. Protini iliyomo katika chupa zile nne ni sifuri. Mafuta, sifuri.

Hapo huja la Ramadhani: mbona tunafunga mwezi mzima na hatufi? Kwa sababu magharibi ikiingia unafuturu, na usiku unakula daku. Saa kumi na tatu hivi mwili unazimudu kwa akiba ya sukari iliyomo kwenye ini, na akiba hiyo ni ya siku moja tu. Ikiisha, mwili unaanza kuvunja misuli kutengeneza sukari yake wenyewe. Ile sukari ya dripu inaupunguza uvunjaji huo kidogo, lakini haiuzuii, na kwa mtu mwenye kidonda kipya cha tumbo au homa kasi yake huwa kubwa zaidi. Misuli inayokwenda si ya mapaja peke yake. Ya kupumulia na kukoholea nayo inadhoofika, makohozi yanabaki kifuani, nimonia inaingia. Mshono nao unachelewa kushika. Ndugu wanasema "operesheni haikumkubali", kumbe mtu ana wiki mbili hajalishwa.

Kuna na ile chupa ya njano, ambayo watu huiomba kwa jina la "dripu ya nguvu". Unjano ule ni vitamini B2. Vitamini zina kazi zake, lakini hazina kalori. Utakachokiona baadaye ni mkojo wa njano.

Basi dripu ya nini? Ya maji na chumvi, na hapo naiheshimu sana. Kila siku mate, maji ya tumbo, nyongo na maji ya kongosho humiminika ndani ya utumbo, lita saba au zaidi, kisha karibu yote hufyonzwa tena. Utumbo ukiziba, yanajaa humo au yanatoka kwa kutapika na kwa ule mpira, yakibeba chumvi na potasiamu. Potasiamu ikishuka, utumbo unazidi kulala. Dripu inajaza ndoo inayovuja.

Kwa hiyo msiniulize "katiwa chupa ngapi?". Ulizeni: amepungua kilo ngapi tangu alipoingia, na ikifika siku ya saba hawezi kula, mtamlishaje? Na kama aliingia mwembamba tangu mwanzo, msingoje hiyo siku ya saba. Hapa nina wazimu wangu wa mzani, wenzangu wodini wanajua: mgonjwa asiyepimwa uzito siku ya kwanza hunitia hasira kuliko mgonjwa mbishi. Wa kupasuliwa tumbo, mpime kabla hajavua viatu kama hapana budi, lakini mpime.

Chakula cha mshipani kipo kweli. Katika miaka ya 1960, huko Philadelphia, Marekani, daktari wa upasuaji Stanley Dudrick na wenzake walikuza watoto wa mbwa kwa kuwalisha kwa mshipa peke yake. Mfuko wake ni mweupe kama tui kwa sababu una mafuta, pamoja na sukari na protini iliyokwisha kusagwa. Kwa kawaida huingizwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, na mgonjwa hupimwa sukari na chumvi za damu mara kwa mara. Usafi nao ni lazima, kwani vijidudu vikipita njia hiyo vinaingia moja kwa moja kwenye damu. Ni ghali, si kitu cha kuagiza duka la dawa, na si cha siku mbili tatu.

"Asipojamba asile"

Hili watu wamelichanganya. Mama aliyezaa kwa operesheni, tumbo laini, hatapiki, anaweza kunywa na kula baada ya saa chache. Hana sababu ya kushinda njaa akisubiri upepo. Aliyevimba tumbo, anatapika kijani na anasokotwa, huyo ndiye asile. Ajabu ni kwamba wa kwanza ndiye anayenyimwa, na wa pili ndiye anayefichiwa chupa ya uji chini ya kanga.

"Mpe sanamaki afunguke"

Hapana! Wala haluli, wala mafuta ya mbarika. Mara nyingi kinachoziba ni makovu ya ndani yaliyobaki baada ya upasuaji, yanaunasa utumbo kama kamba. Dawa ya kuharisha inasukuma mlango uliopigwa komeo, na kinachopasuka si komeo, ni ukuta.

"Mnene ana akiba, hana haja"

Mafuta anayo. Misuli yake inaliwa vilevile, ila kwa kuwa haonekani kukonda hakuna anayeshtuka.

"Kafunguka, sasa alipize"

Hili nalo linanitisha. Mtu hajala siku nane au kumi, utumbo umefunguka asubuhi, mchana ndugu wameleta biriani. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini, kichocheo kinachoingiza sukari kwenye seli, inapanda, na chumvi za fosfeti, potasiamu na magnesiamu zinaikimbia damu na kuingia kwenye seli. Moyo unaweza kwenda mrama, pumzi ikakatika, miguu ikavimba, na watu wakasema amelogwa wakati anapona. Kwa aliyekaa na njaa namna hiyo tunatanguliza vitamini B1, tunapima damu, tunaanza na kama kalori 10 kwa kila kilo ya uzito, kisha tunapandisha kwa siku nne hadi saba. Mwenye kilo 50 huanza na kalori 500. Ni kidogo, najua. Ndugu huniona bakhili.

Vyakula vyenyewe viwe laini na vya nyuzi chache: uji wa mchele uliochujwa, yai, mtindi, viazi vya kuponda, boflo jeupe, changu aliyetolewa miba yote. Kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, na kati ya mlo na mlo atembee ukumbini. Fenesi, mahindi ya kuchoma, kisamvu, embe za nyuzi na chungwa linaloliwa na ngozi zake za ndani, vingoje mpaka daktari aseme.

Utumbo wa yule kijana ulifunguka siku ya tisa, bila kisu cha pili. Bi mkubwa akaja ofisini na swali moja tu: supu ya pweza je, maana inatia nguvu? Nikamwambia supu aichuje, ampe nusu kikombe. Pweza mwenyewe ale yeye.