Mitaro ya majaribio kwenye kiwanja cha monasteri ya zamani: dhana potofu na ukweli

Kabla ya ujenzi, wanaakiolojia huchimba mitaro michache ya majaribio ili kuona kama kuna mabaki ya kale chini ya kiwanja.

"Monasteri ilishabomolewa, hakuna kilichobaki."
Mfalme Henry VIII alizifunga monasteri za Uingereza kati ya 1536 na 1540, na mawe yakabebwa kwenda kujengea kwingine, mara nyingi hadi ya msingi. Lakini anayeng'oa msingi huacha shimo. Shimo hilo hujaa vumbi la chokaa, kokoto na vigae vilivyovunjika, nalo huonekana kwenye mtaro kama ukanda mweupe wenye upana wa karibu sawa na ukuta uliokuwapo. Kanisa zima laweza kuchorwa kwa kufuata mikanda hiyo.

"Mtaro mtupu, kiwanja kitupu."
Hii ndiyo inayowatia wajenzi hasara zaidi. Kwa kawaida huchimbwa asilimia 2 hadi 5 tu ya eneo. Kwenye hekta moja, mitaro 7 ya mita 30 kwa 2 ni mita za mraba 420. Zilizobaki 9,580 hazijaguswa. Mwelekeo nao una uzito. Kuta ndefu za kanisa hukimbia mashariki hadi magharibi, na makaburi hulala vivyo hivyo, kichwa magharibi. Mtaro ukielekezwa huko huko waweza kupita nusu mita kando ya ukuta mwanzo hadi mwisho usiuguse. Heri kukata kaskazini–kusini, au kimshazari.

"Mashine ni uharibifu, wachimbe kwa mwiko wa mwashi tu."
Kinachoharibu ni meno ya ndoo. Ekskaveta yenye ndoo pana isiyo na meno huparua sentimita 10 hadi 20 kwa mara moja, mwanaakiolojia akitazama, na husimamishwa udongo ukibadilika rangi. Mwiko huanzia hapo. Mtego wenyewe ni kifusi cha ubomoaji: kikishindiliwa vizuri hudhaniwa ni udongo asilia, mtaro ukafukiwa na sakafu iko chini kidogo tu. Kishimo kidogo cha kina zaidi mwishoni mwa mtaro huondoa shaka. Ila kupita mita 1.2, kingo zikatwe ngazi au ziegemezwe kabla mtu hajashuka.

"Mifupa ikionekana hutolewa siku hiyo hiyo."
Hapana. Hatua hii ya mitaro ya majaribio huthibitisha kaburi, hupima kina, kisha hufunika. England na Wales, kuhamisha mabaki ya waliozikwa bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1857.

"Wakipata kitu, ujenzi umekufa."
Mara nyingi hubadilika mchoro tu: msingi huinuliwa au nguzo husogezwa. Kwa hiyo ripoti isiyotaja mabaki yanaanzia kimo gani kutoka usawa wa bahari haimsaidii mhandisi.