Bitiruti ya sukari siyo ile ya kwenye juisi

Jamani hapa Tanga siku hizi bitiruti nyekundu zikishushwa tu sokoni kutoka Lushoto hamkosi mtu wa kusema hizo ndo Wazungu wanatengenezea sukari, mwenye kisukari asiziguse. Siyo hizo.

Bitiruti ya sukari ni zao la kiwandani: mzizi mkubwa, mweupe, mnene juu na umechongoka chini, unakatwa vipande, unalowekwa maji ya moto utoe utamu, makapi wanapewa ng'ombe. Basi.

Kinachochanganya ni kwamba undugu upo kweli, zote mbili kitaalamu ni Beta vulgaris. Ila mwaka 1747 kule Berlin mkemia Andreas Marggraf alipojaribu mizizi kadhaa alikuta sukari yake ni ileile ya muwa, na nyeupe ikaizidi nyekundu, sasa mwanafunzi wake Franz Karl Achard akaishika hiyo nyeupe, akawa anachagua mbegu za ile mitamu zaidi, mwaka 1801 akaanzisha kiwanda Silesia (eneo ambalo leo sehemu kubwa iko Poland), halafu Waingereza walipombana Napoleon baharini sukari ya Karibi ikawa haifiki vizuri Ufaransa, 1811 akaamuru hizi bitiruti zilimwe kwa wingi. Watu wameendelea kuchagua mbegu miaka yote hiyo, ndo maana leo sukari ni kama asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wa mzizi, wakati ile nyekundu haina hata nusu ya hapo. Ni kazi kubwa ya wakulima na wataalamu hiyo, inaniuma mtu akiifuta kwa kusema "si bitiruti tu".

Na wale wanaosema sukari yake ni ya asili kuliko ya miwa, nao wapunguze, ikishasafishwa ni sukari ileile, huwezi kuitofautisha kwenye chai.

Huku pwani hatuna habari nayo kwa sababu inataka baridi, Afrika wanaolima sana ni Misri na Moroko, wanategea miezi ya baridi. Sisi joto letu ni la muwa, Pangani miwa ililimwa tangu kabla ya Wajerumani, hata Abushiri, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani huku pwani, alikuwa na shamba lake huko.

Kwa hiyo mama mwenye kisukari akitaka bitiruti ya Lushoto asitishwe na habari za viwanda vya Ulaya, amuulize daktari wake kiasi gani kinamfaa, na zaidi ale yenyewe kuliko juisi iliyoongezwa sukari.