Kuhema kwa nguvu hakumjazi mzamiaji oksijeni

Wiki hii mwanafunzi mpya ameniuliza tena aheme kwa nguvu mara ngapi kabla ya kuzamia kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa, ili "ajaze oksijeni", na kwa kuwa swali hilo limenichosha kulijibu kwa mdomo, naliandika hapa.

Mtu mwenye afya aliyetulia, himoglobini ya damu yake, yaani kibebaji cha oksijeni, imekwisha kujaa oksijeni kwa asilimia 97 hivi kabla hajafanya lolote, na chombo kilichojaa hakijazwi tena. Kuhema haraka haraka kunaondoa kabonidioksidi mwilini, nayo ndiyo hasa inayouamsha ubongo udai pumzi. Anayehema hivyo amezima kengele huku akiba yake ikibaki ileile, na ganzi ya vidole anayoifurahia kama ishara ya utayari ni onyo. Hatari yenyewe humngoja njiani akirudi juu: katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara 2 ya ule wa juu ya maji, hivyo katika mita hizo za mwisho hupungua kwa nusu, mgandamizo wa oksijeni iliyosalia mapafuni huporomoka nao, na mtu aliyejiona hana shida yoyote huzimia akiwa karibu kabisa kuibuka.

Mazoezi ya kubana pumzi ukiwa peke yako yafanyike nchi kavu, umelala chali. Majini kamwe, hata kwenye beseni la kuogea. Mbio na kuogelea vinasaidia, miguu iliyozoea mapezi inasaidia zaidi, na viungo vya mbavu vinyooshwe taratibu.

Kazi kubwa ni kujilegeza. Juzi mwanafunzi mmoja akibana pumzi alifika dakika 1 na sekunde 40, kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kikaanza kurukaruka, na papo hapo mabega yakapanda hadi masikioni na meno yakaumana. Nilimgusa taya na kumwambia aulegeze ulimi. Tumbo liliendelea kuruka, lakini mabega yalishuka, uso ukalainika, naye akakaa sekunde 30 zaidi. Misuli iliyokazwa inakula oksijeni bure.

Nakiri kwamba nina shaka na majedwali ya kabonidioksidi, yale ya kubana pumzi mara kadhaa huku mapumziko yakizidi kufupishwa, yanapopewa mtu katika mwezi wake wa kwanza. Yanamzoesha kabonidioksidi, ni kweli, lakini nimeona wengi wakijifunza kupitia hayo kuuma meno na kushindana na saa, na tabia hiyo kuiondoa baadaye ni kazi ngumu. Wapo wakufunzi ninaowaheshimu wanaonipinga katika hili.

Basi kabla ya kuzamia, pumua kama kawaida yako kwa dakika 2 au 3, vuta pumzi moja iliyojaa, kisha nenda. Ukiibuka, usiitoe hewa yote kwa mkupuo: toa kidogo, vuta haraka, rudia mara kadhaa, na mwenzako asikuondolee macho kwa sekunde 30, kwa sababu mtu anaweza kuzimia hata baada ya kichwa chake kutoka majini.