Pikipiki za magurudumu manne zisipandishwe lami

Wenye pikipiki za magurudumu manne, zile za kuchezea mchangani, huuliza kama wakifunga taa, indiketa na saiti mira wataruhusiwa kupita nazo barabara ya Msata au mitaa ya Mji Mkongwe, Bagamoyo. Taa zinafungika kwa siku moja. Kasoro iko chini, kwenye ekseli ya nyuma.

Chombo kikikata kona, tairi la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Kwenye gari, difu huyaachia matairi yazunguke kwa kasi tofauti. Nyingi ya pikipiki hizi hazina difu nyuma. Matairi yote mawili huzunguka sawasawa. Mchangani haidhuru, maana tairi moja huteleza. Lami haitelezi. Dereva anakata usukani, chombo kinang'ang'ania kwenda mbele. Anaongeza usukani, tairi la ndani linanyanyuka, na kwa kuwa chombo ni chembamba na kiti kiko juu, kinapinduka na kuweza kumlalia.

Kupima ni rahisi. Weka gia huru, achia breki, nyanyua nyuma kwa jeki mpaka matairi yote mawili yaning'inie, kisha zungusha moja kwa mkono. La pili likifuata upande uleule, hakuna difu. Chombo hicho tunashauri kisipewe ruhusa ya barabarani kabisa, hata kikitengenezwa vipi.

Upepo wa matairi nao unadanganya. Mengi ya matairi haya hujazwa psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 3 hadi 7, wakati gari dogo hutumia kama 30. Wapo wanaoyajaza zaidi ili yawe mepesi lamini: tairi linatuna, linadunda, linagusa barabara katikati tu, na breki hazishiki. Fuata kipimo cha kibandiko cha mtengenezaji. Kiti kirefu pia si cha mshikaki, yaani kupakia watu kadhaa. Kimeachwa hivyo ili dereva ahamishe uzito wake kwenye kona.

Kumbuka pia usajili, leseni na bima, ambayo imewekwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169.

Kutoka nyumbani hadi ufukweni, kipakie kwenye pikapu na ukifunge mikanda mbele na nyuma. Ukilazimika kuvuka barabara, vaa helmeti, simama kabisa, subiri bodaboda na daladala zipite pande zote mbili, kisha vuka kwa gia ndogo, umenyoosha usukani. Kona ikate ukishafika kwenye udongo wa ng'ambo.